Alilala Mzima, Hakuamka: Maswali ya Familia Iliyofiwa Ghafla

Mimi ni daktari wa patholojia, na kazi yangu ni kuchunguza miili ya watu waliofariki bila chanzo kujulikana. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa na ndugu wa marehemu kwenye benchi la nje ya mochwari.

Jana alikula, akacheka, akalala. Mtu mzima anakufaje hivihivi?

Poleni sana. Mara nyingi alikuwa na ugonjwa usiojionyesha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu nusu ya watu wazima wenye shinikizo la juu la damu hawajui kama wanalo. Mtu analima mchana kutwa, usiku mshipa wa kichwani unapasuka. Bonge la damu linaweza kutoka mguuni likaziba mapafu. Msichana aliyelalamika tumbo kisha akajilaza huenda alikuwa na mimba iliyotunga nje ya kizazi, nayo ikapasuka.

Na upo moyo wenyewe. Wapenzi wa soka wanamkumbuka Marc-Vivien Foé wa Kamerun, aliyeanguka uwanjani Lyon, Ufaransa, tarehe 26 Juni 2003, akiwa na miaka 28. Uchunguzi wa kwanza wa mwili wake haukutoa jibu. Wa pili ndio ulioonyesha tatizo la misuli ya moyo kunenepa. Huyo alikuwa mchezaji wa kulipwa, aliyezungukwa na madaktari wa timu. Nanyi msijitese kwamba mlikaa naye nyumba moja na hamkuona kitu.

Wazee wanataka tuzike leo. Lazima apasuliwe?

Kifo kikiwa cha kutatanisha, polisi wanaweza kuagiza uchunguzi, na hapo si suala la familia kukubali au kukataa. Tanzania ina sheria ya uchunguzi wa vifo vya namna hii tangu mwaka 1980. Pasipo amri hiyo, bado nawasihi mkubali, kwa sababu kufukua kaburi baadaye ni uchungu juu ya uchungu, na vielelezo vingine huwa vimeshapotea.

Najua hofu ilipo. Kazi yenyewe kwa kawaida huchukua saa chache. Mwili hushonwa na kusafishwa, na mkato wa kichwani hupitishwa nyuma, kwenye nywele, ili uso ubaki kama mlivyoujua. Kwa Waislamu, wanazuoni wengi wameruhusu palipo na dharura au amri ya sheria. Mwambieni daktari mapema kwamba mnataka kuzika siku hiyohiyo, na nani atakuja kuosha. Tukijua, tunaupanga mwili wa ndugu yenu uwe wa kwanza.

Walikutwa watatu chumbani, hawana hata mchubuko. Si wamewekewa sumu?

Sumu inaweza kuwepo bila mtu kuiweka. Ulizeni kwanza kama kulikuwa na jiko la mkaa ndani. Usiku wa baridi, mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa nguo, jiko limeachwa na makaa ili chumba kipate joto. Mkaa unaoungua kwenye hewa haba hutoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hujishika kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na aliyelala hazinduki. Kucha na midomo huweza kuwa na wekundu usio wa kawaida, na minong'ono huanzia hapo. Kipimo cha damu hutoa jibu. Kama jiko mmeshalitoa nje, waambieni polisi kwamba lilikuwa ndani.

Ripoti inasema chanzo hakijapatikana. Tunafichwa?

Sivyo. Sampuli zikipelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, majibu huweza kuchukua wiki kadhaa. Hata yakirudi, kuna kifo kisichoacha alama: mapigo ya moyo yanavurugika, moyo unasimama, na sisi tunakuta moyo mzima kabisa. Baadhi ya matatizo hayo hurithiwa. Ndiyo maana ninapoandika hivyo kwa kijana, huwaomba wazazi, ndugu na watoto wake wakapimwe umeme wa moyo, hasa aliyewahi kuzimia akikimbia.

Ukoo unamnyooshea kidole bibi mmoja kwamba ni mchawi. Wengine wanamtaja mjane wa marehemu.

Hapa nawaomba mnisikilize kuliko pote. Usukumani, nchini Tanzania, akina mama wazee wameuawa kwa mapanga baada ya vifo kama hivi, na "ushahidi" uliotajwa mara nyingi ni macho mekundu. Macho hayo yameharibiwa na moshi wa kuni, wakiwapikia watoto na wajukuu. Kilifi, nchini Kenya, wazee wameuawa na wengine wamekimbia mashamba yao. Tazameni anayetajwa: ni yule asiye na mtetezi, na si ajabu nyuma yake kuna kiwanja. Ripoti yangu ikikosa jibu, haimaanishi mganga analo.

Mjane aachwe akae eda yake, miezi 4 na siku 10 kama ni Mwislamu, bila kunyang'anywa simu na funguo za nyumba. Mkiwa na shaka ya kweli, mfano chupa ya dawa ya mifugo au matapishi yenye harufu, waelezeni polisi na daktari siku hiyohiyo. Tukijua tunatafuta nini, tunajua sampuli gani ya kuchukua.

Watoto tuwaambie baba amesafiri?

Hapana. Waambieni amekufa, na kwamba si kwa sababu ya kosa lao. Mtoto aliyeambiwa safari atakaa mlangoni akingoja.

Miezi minane sasa, mama bado anaandaa sahani ya marehemu, halali, haongei. Tumwache?

Sahani peke yake isiwatishe. Kukosa usingizi, kutoongea na kushindwa shughuli za kila siku zaidi ya miezi 6 ndiko kunakohitaji msaada. Shirika la Afya Duniani sasa linautambua msiba uliorefuka namna hiyo kuwa hali ya kutibiwa. Mpelekeni hospitali ya wilaya au ya mkoa mkaulizie kliniki ya afya ya akili. Akisema anataka kumfuata marehemu, mpelekeni leo, na asibaki peke yake. Na kama kinachomkesha ni ripoti asiyoielewa, njooni naye kwa daktari aliyeiandika, tuisome pamoja mstari kwa mstari.