Rutuba Iko Hewani: Somo la Jangwa la Qatar kwa Sisi Tunaotoka Nchi za Joto



Kila mwaka wageni wapya wakifika hapa Doha, hakosi mmoja wa kusema: "Joto? Mimi natoka Lodwar bwana, mtanifundisha nini?" Mwingine atataja Garissa, mwingine Dar ya mwezi wa Februari. Nami nilisema hivyo hivyo. Mwaka wangu wa kwanza, mwisho wa Agosti, tulicheza mpira baada ya magharibi. Jua limeshazama, kipimajoto kinasema 35, nikajiona salama. Dakika ya 20 hivi miguu ikaisha nguvu. Nilipopata fahamu nilikuwa nimelazwa kiti cha nyuma cha gari, kiyoyozi kinavuma, na kaka mmoja mlinzi, Mkenya, ananipangusa shingo kwa fulana iliyoloweshwa maji. Mhandisi mzima, tena ninayesomea mambo ya joto! Ndiyo sababu ya somo hili.

Tuanze na ardhi yenyewe. Qatar ni rasi ndogo, kilomita za mraba 11,500 na kitu, iliyochomoza ndani ya Ghuba. Chini ni mawe ya chokaa, juu changarawe na mchanga, na kilele cha nchi nzima, Qurayn Abu al Bawl, kina mita 103 tu. Mto hakuna hata mmoja. Mvua ni kama milimita 75 kwa mwaka, wakati Lodwar hupata karibu 200. Yaani Turkana tunayoilalamikia ukame inaishinda Qatar zaidi ya mara mbili! Chanzo chake kinatuhusu: hewa iliyomwaga mvua zake kwetu, karibu na ikweta, husafiri juu angani na kuja kushuka kwenye latitudo hizi za 25 hivi ikiwa imekauka. Hewa inayoshuka hupata joto, na mawingu hayafanyiki.

Mvua ikija, huja kwa mkupuo. Tarehe 20 Oktoba 2018 sehemu za Doha zilipata zaidi ya milimita 80 kwa siku moja, mvua ya mwaka mzima, na barabara za chini ya ardhi zikawa mabwawa. Huko nje ya mji maji hukimbilia kwenye mabonde madogo yaitwayo rawdha, yakaacha udongo laini. Ukiona miti katikati ya changarawe, ujue hapo ni rawdha. Na mti wenyewe mara nyingi ni sidra, jamaa ya mkunazi wetu.

Sasa hewa. Waarabu wa hapa wakilalamika kiangazi husema "rutuba", na mwanzoni nilicheka, maana kwetu rutuba ni ya udongo wa shamba. Kumbe wao wana maana ya unyevu wa hewa. Qatar rutuba yote iko hewani! Inatoka Ghuba, bahari ya kina kifupi, wastani wa mita 35 tu, ambayo mwezi wa Agosti maji yake ya juu hufika nyuzi 34 au hata zaidi. Ni sufuria pana iliyo mekoni. Upepo wa shamali ukivuma kutoka kaskazini-magharibi, huleta hewa kavu ya bara na vumbi lake. Shamali ikitulia, hewa ya bahari inaingia mjini. Upepo wa kusini-mashariki wavuvi wa Ghuba huuita kaus. Mtu wa Pwani hapo atasikia "kusi" yake.

Kwa nini unyevu uangushe mtu? Mwili hujipoza kwa jasho, lakini si jasho linalotiririka, ni lile linalokauka. Lita moja ikikauka huondoka na kilojuli kama 2,400 za joto. Hewa ikishashiba maji, jasho halina pa kwenda. Kipimo chake ni rahisi: vika ncha ya kipimajoto kitambaa kibichi, kipepee, usome. Lodwar kwenye nyuzi 36 na unyevu wa asilimia 30, kitambaa kitasoma kama 23. Doha jioni ya Agosti, nyuzi 35 na unyevu wa asilimia 70, kitasoma kama 30. Joto la kawaida ni lile lile, lakini la kitambaa limepishana nyuzi saba. Kinadharia, kikifika 35 hata mzima aliyekaa kivulini hawezi kujipoza, na majaribio yaliyotangazwa 2022 yalionyesha kwamba vijana wenye afya huanza kushindwa mapema zaidi, kwenye 30 au 31. Nilikuwa nakimbia mle mle mpakani.

Wanyama wa hapa hawakimbii. Choroa mweupe, ambaye porini alitoweka kabisa 1972 kabla ya kurudishwa Oman miaka kumi baadaye, mchana hulala kivulini na kula usiku, majani yakiwa na umande. Nguva wako kwa mamia. Mwaka 1986 lilionekana kundi la zaidi ya 600 kati ya Qatar na Bahrain, wakati sisi Lamu na Rufiji tunamhesabu mmoja mmoja.

Binadamu ndiye anayelazimika kusimama nje. Tangu 2021 sheria ya Qatar inakataza kazi za juani kuanzia saa 4:00 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, 1 Juni hadi 15 Septemba, na inataka kazi isimame saa yoyote kipimo kinachojumlisha joto, unyevu na jua kikipita 32.1. Hicho kipengele cha pili ndicho muhimu, kwa sababu rutuba haitazami saa. Wengi wa ndugu zetu ni walinzi wa zamu ya usiku na hawakijui. Waambieni.

Kipimo cha bure: toka chumba chenye kiyoyozi ukiwa umevaa miwani. Ikifunga ukungu papo hapo na ukachelewa kuondoka, mpira uahirishwe, jua liwepo lisiwepo. Mwenzako akianza kuongea ovyo au kuacha kutoa jasho, mwingize penye ubaridi, mloweshe, mpepee, na upige 999.

Januari, hewa ikiwa tamu, tunakwenda Al Thakhira, kaskazini ya Doha, kuona mchu, jamaa ya mikoko. Ni ule ule wa kwetu, unaotema chumvi kwenye majani, ulambe uone. Ila hapa ni mfupi, hautoi boriti, na ndiyo maana majahazi yalizifuata Lamu na Rufiji. Njooni na viatu vya matope.