SOMO: TUMWACHISHE MTOTO CHUPA, TUMPE KIKOMBE

Leo tutajifunza namna ya kumwachisha mtoto chupa ya kunyonyea. Tunasema chupa. Hatusemi ziwa la mama. Ziwa la mama ni chakula na ni kinga, na mtoto aendelee kulinyonya mpaka afike miaka 2 au zaidi. Chupa ndiyo tunayotaka iondoke.

Mfano wetu ni wa Buguruni, mjini Dar es Salaam. Wengi wetu tuna dada au binti zetu huko. Na hata hapa kijijini, mama akienda shamba mtoto hubaki kwa bibi au kwa jirani. Kwa hiyo somo ni letu sote.

Hali ilivyo Buguruni

Buguruni ni pale Barabara ya Uhuru inapokutana na Barabara ya Mandela. Kina mama wengi wa hapo huamka alfajiri. Wengine huuza matunda na mboga katika soko la Buguruni. Wengine hupanda daladala kwenda Kariakoo kutafuta riziki. Mtoto huachwa kwa mama jirani, ambaye hulea watoto watatu, wanne au zaidi nyumbani kwake kwa malipo. Pamoja na mtoto huachwa kikapu. Ndani yake mna nguo, na mna chupa.

Mlezi naye ana kazi. Watoto wanne wakilia kwa pamoja, mikono miwili haitoshi. Chupa humnyamazisha mtoto upesi. Basi mtoto hulala nayo mdomoni, hutembea nayo uani, huiangusha mchangani, kisha huiokota na kunyonya tena. Mwenzake naye huinyakua akanyonya. Tumezoea kuona hivyo, lakini hapo ndipo maradhi yanapoingia.

Ubaya wa chupa

Kwanza, chupa ni ngumu kuosha. Shingo yake ni nyembamba na tundu la chuchu ni dogo. Maziwa hubaki ndani, na kwa joto la Dar es Salaam vijidudu huzaana haraka. Mtoto huharisha. Kikombe kiko wazi. Mkono unafika kila mahali, na uchafu unaonekana.

Pili, chupa huharibu meno. Mtoto akilala na chupa ya maziwa au chai ya sukari, utamu hukaa kwenye meno usiku kucha. Meno ya mbele huoza mapema.

Tatu, chupa hufukuza chakula. Tumbo la mtoto ni dogo. Likijaa maziwa tangu asubuhi, mtoto hukataa ugali na maharage. Mama hudhani mtoto hapendi kula, kumbe ameshiba maziwa. Maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo sana, na madini hayo ndiyo yanayosaidia kutengeneza damu. Mtoto aliyepita mwaka 1 akinywa zaidi ya nusu lita kwa siku, na chakula akala kidogo, anaweza kupungukiwa na damu. Chai nayo huzuia mwili kuyapata madini hayo.

Hatari ya chupa inajulikana siku nyingi. Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha kanuni za kudhibiti biashara ya maziwa ya kopo, chupa na chuchu. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994.

Mama na mlezi wawe na neno moja

Mtoto wa miezi 6 anaweza kunywa kwa kikombe akishikiwa. Wa mwaka 1 anaweza kukishika mwenyewe, ingawa atamwaga. Basi akitimiza mwaka 1 tuanze kuondoa chupa. Akifika mwaka 1 na nusu iwe imekwisha. Lakini kazi hii haiwezi kufanywa na mtu mmoja. Tuchukue mfano wa mazungumzo haya:

Mlezi: Mwanangu, nataka tumwachishe mtoto chupa.

Mama: Akilia je, bibi? Si atakusumbua mchana kutwa?

Mlezi: Atalia siku mbili tatu. Hilo naliweza. Lakini mie nikimpa kikombe mchana, nawe ukampa chupa usiku, tutakuwa tunajenga huku tunabomoa.

Mama: Mimi narudi nimechoka, bibi. Usiku chupa ndiyo inayonipa usingizi.

Mlezi: Basi ya usiku tuiache mwisho. Tuanze na ya mchana.

Hapa hakuna mvivu. Mama ana sababu, na mlezi ana sababu. Walipoambiana ukweli ndipo walipopata njia.

Jinsi ya kufanya

1. Tafuta kikombe chepesi kisicho na mfuniko. Kila mtoto awe na chake, na kiwekwe alama. Kioshwe kwa maji safi na sabuni kila baada ya kutumika.

2. Ondoa chupa moja tu ya mchana. Saa ile ile mpe mtoto maziwa yaliyochemshwa, kwa kikombe. Weka kidogo, kisha ongeza.

3. Wakalishe watoto wote mkekani wanywe pamoja. Mtoto huiga wenzake. Hapa mlezi mwenye watoto wengi ana nafasi nzuri.

4. Baada ya siku 5 hadi 7 ondoa chupa nyingine. Fanya hivyo mpaka ibaki ya usiku.

5. Chupa ya usiku ipunguzwe maziwa kidogo kidogo mpaka iishe. Mtoto ale ashibe jioni, asafishwe meno, kisha abembelezwe. Kama bado ananyonya, mama ampe ziwa.

6. Usipake shubiri wala pilipili kwenye chuchu. Usimpige, usimcheke. Mtoto akiwa mgonjwa, ngoja apone kwanza.

Kikapu kisiwe kitupu

Jambo hili lisisahauliwe. Mama akiondoa chupa kikapuni, aweke chakula, au aache fedha ya chakula. La sivyo mlezi atakuwa na mtoto mwenye njaa, na hatakuwa na la kumpa. Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 ale mara 3 au 4 kwa siku, na katikati apewe ndizi, papai au kitu kingine chepesi. Apewe uji mzito, maharage yaliyopondwa, dagaa, mchicha, na yai likipatikana. Maji ya kunywa yachemshwe.

Mtoto akiharisha, usimnyime kunywa wala kula. Koroga pakiti ya ORS kwa maji safi kama ilivyoandikwa kwenye pakiti, kisha mpe kidogo kidogo kwa kikombe au kijiko. Mpeleke kituo cha afya, apewe na vidonge vya zinki. Macho yakiingia ndani, akishindwa kunywa, au akiharisha damu, usingoje kesho.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji chetu, mtoto hubaki na nani mama anapokwenda kazini? Hupewa nini cha kunywa, na kwa chombo gani?

2. Kwa nini kikombe ni rahisi kuosha kuliko chupa?

3. Kwa nini kumwachisha mtoto chupa si sawa na kumwachisha ziwa?

4. Mama na mlezi wasipokubaliana, ni nani anayeumia?

Asomaye somo hili amsomee na jirani anayelea watoto. Kisha wote wawili wamsubiri mama arudi kazini, wazungumze naye.