SOMO: Je, mchumba wa kwenye simu ni mchumba kweli?

Hapa Nakivale familia nyingi zimetawanyika: mume Goma, dada Australia, mtoto shuleni Mbarara. Zamani habari zao zilikuja kwa barua za Msalaba Mwekundu, karatasi isiyofungwa, ya habari za familia tu, na huenda ulisubiri miezi. Hakuna aliyesema ndoa ya barua hizo ni ya uongo. Basi kwa nini tunamcheka dada anayelia kwa sababu mchumba wa WhatsApp amenyamaza? Hapati usingizi, chakula hakipiti. Huo ni msiba kama mwingine. Aje aongee na mshauri kituoni, asione haya.

Lakini uhusiano ukiwa wa kweli, hatari zake pia ni za kweli. Rafiki ambaye hujamwona akiomba pesa ya "faili" ya kwenda Kanada, huyo ni mwizi, hata kama sauti yake ni tamu. UNHCR haiuzi safari ya nchi ya tatu. Namba yako ya siri ya pesa za simu usimpe, wala picha za utupu.

Na mkipanga kuonana, tuseme Kikagate au Mbarara mjini? Mwaka mzima wa kuzungumza haukuonyeshi hali ya damu yake. Pimeni VVU wote wawili kwanza. Majibu hutoka siku hiyohiyo. Maambukizi mapya huweza kujificha hadi miezi 3, kwa hiyo mrudi kupima tena, na katikati mtumie kondomu.