Kidonda kisichouma

*Naishi Wete, Pemba, na mama yangu, ambaye amekuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi. Mwezi uliopita kandambili zilimchubua karibu na kidole kidogo cha mguu wa kulia, kikawa kidonda. Mama hukiosha kwa maji ya majani ya mwarobaini yaliyochemshwa, kisha hupaka mafuta ya karafuu, yale makali ya kiwandani, na kukifunga kitambaa. Ndivyo bibi alivyotutibu sote utotoni, na tulipona.*

*Kaka yangu yuko Muscat, na anamuunga mkono. Ananitumia kwenye simu habari za tafiti zinazosema mafuta ya karafuu huua hata vijidudu vilivyozishinda dawa za hospitali. Sasa anataka mama awe anakunywa matone kila asubuhi. Mimi nilinunua vidonge vya amoksilini duka la dawa. Mama alivinywa siku tatu akaacha.*

*Kidonda kimechimbika, kinanuka, na ngozi ya kidole imeanza kuwa nyeusi. Nikitaja hospitali analia, kwa sababu mama mkubwa alikwenda na kidonda akarudi bila mguu. Ananiambia: "Dawa inafanya kazi, mbona hakiniumi?" Kaka anasema nimesoma kidogo nikawadharau wazee. Je, ni kweli ninawadharau?*

*Binti wa Wete*

Mwanangu,

La haraka kwanza. Kidole kinachogeuka cheusi kwa mgonjwa wa sukari hakisubiri. Ukiisoma barua hii asubuhi, mpeleke hospitali leo. Ukiisoma usiku, muondoke alfajiri. Akishikwa na homa au baridi, akitapika, akianza kuchanganyikiwa, au ukiona wekundu na uvimbe vinapanda kuelekea kifundo cha mguu, msingoje hata alfajiri. Yaliyobaki utayasoma mkiwa kwenye benchi la hospitali.

Sasa nirudi kwenye maneno ya mama: hakiniumi. Katika barua yako yote hayo ndiyo yaliyonitia hofu zaidi, kuliko hata weusi wa kidole. Kidonda kilichochimbika kilipaswa kumnyima usingizi. Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu, na huanza na ile mirefu kuliko yote, inayofika nyayoni. Mguu unakufa ganzi polepole, mwenyewe asijue. Ndiyo maana kandambili zilimchubua naye akaendelea kutembea. Profesa Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, ambaye ameshughulika kwa miaka mingi na miguu ya wagonjwa wa sukari, aliandika pamoja na wenzake kuhusu wagonjwa walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala, wasihisi kitu. Huo ndio ukimya wa mguu wa mama yako. Mafuta hayajautuliza, ulikuwa kimya kabla hajayapaka.

Na mafuta yenyewe yanaongeza ukimya juu ya ukimya. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, kwa kawaida kati ya asilimia 70 na 90, ni kemikali iitwayo yujenoli, na yujenoli hutia ganzi. Ndiyo sababu madaktari wa meno wameitumia kwa zaidi ya miaka 100, wakiichanganya na unga wa oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Kwenye jino linalopwita, ganzi hiyo ni rehema. Kwenye mguu usiohisi, inaondoa hata ile hisia ndogo iliyobaki. Tena harufu yake kali hufunika harufu ya kidonda. Ukiona uvundo unasikika juu ya karafuu, ujue uozo umekwenda mbali.

Kuhusu kaka yako, usigombane naye juu ya tafiti. Zipo, na ni za kweli. Ukipanda bakteria kwenye kisahani cha maabara, ukaweka katikati kijikaratasi kilicholowa mafuta ya karafuu, kesho yake utakuta duara tupu limekizunguka, bakteria hawakuota. Yujenoli hupenya kwenye utando wa mafuta unaoizunguka chembe ya bakteria, ikautoboa, chumvi na nguvu za ndani zikavuja, na bakteria akafa. Mchaichai, tangawizi, kivumbasi, kitunguu saumu na mwarobaini vyote vimepimwa kwa njia hiyo katika nchi nyingi, na vingi vimeonyesha uwezo. Baadhi vimewazuia hata bakteria waliokuwa sugu kwa dawa. Usugu huo si jambo dogo: mwaka 2019 peke yake, vifo vipatavyo milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na bakteria walioshinda dawa, na Afrika kusini mwa Sahara ndiko mzigo ulikokuwa mzito zaidi kwa idadi ya watu. Wanasayansi wanaorudi kwenye miti kutafuta dawa mpya wana sababu nzuri, nami nawaombea wafanikiwe.

Lakini kumkamata samaki ndani ya ndoo si kumvua kwenye mkondo wa Pemba. Kwenye kisahani, bakteria ni wa aina moja, wametandazwa wazi, na mafuta yanawagusa wote. Kwenye mguu wa mama, bakteria ni wa aina kadhaa, wamejificha chini ya nyama iliyokufa, wamejijengea utelezi unaowakinga, na wengine huenda wamefika kwenye mfupa. Usaha na damu vina protini na mafuta yanayoidaka yujenoli kabla haijafanya kazi. Na katika nchi za joto kama yetu, vidonda vya miguu ya wagonjwa wa sukari mara nyingi huwa na bakteria aitwaye Pseudomonas, mwenye ukuta wa ziada wa nje na pampu za kutema sumu. Huyu, hata kwenye kisahani, mafuta ya karafuu humtisha kidogo tu ukilinganisha na wenzake.

Liko jambo jingine ambalo habari za kwenye simu hazilisemi. Mafuta hayachagui. Chembe ya ngozi inayojaribu kufunga kidonda nayo ina utando, na yujenoli huutoboa vilevile. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha chembe za ngozi ya binadamu zikidhurika vibaya kwenye mafuta ya karafuu yaliyopunguzwa hadi asilimia 0.03. Kiwango kinachozuia bakteria katika majaribio mengi kiko karibu na hapo au juu yake. Mama anapaka mafuta mazima ya kiwandani, bila kuyapunguza. Kila akipaka anawaunguza vijidudu wa juu, na pamoja nao anaunguza ngozi changa ambayo ndiyo ingemponya. Muulize kaka yako: katika habari zote alizokutumia, ni ipi inayozungumzia mgonjwa wa sukari aliyepakwa mafuta ya karafuu kwenye kidonda kilichochimbika, akafuatiliwa mpaka akapona, huku mwingine akipewa matibabu ya kawaida ili walinganishwe? Ushahidi wa namna hiyo ndio unaotakiwa kabla ya kuukabidhi mguu wa mtu.

Kuhusu kunywa, jibu ni hapana. Karafuu kwenye pilau na kwenye chai ni chakula, aendelee. Mafuta yake ni kitu kingine. Ni karafuu nyingi zilizokusanywa ndani ya tone. Yujenoli nyingi huumiza ini, na huweza kuingilia kuganda kwa damu. Watoto wadogo waliomeza mililita 5 hadi 10 tu, yaani kijiko kimoja au viwili vya chai, wamepoteza fahamu, wamepata degedege na ini likaharibika. Kama kuna wajukuu humo ndani, chupa hiyo ikae juu, kwenye kabati lenye kitasa.

Amoksilini nayo, mwanangu, haina tofauti kubwa na chupa ya mama. Ulinunua kwa mapenzi, lakini ulinunua kwa kubahatisha. Pseudomonas hasikii amoksilini kabisa. Na siku tatu za dawa, halafu kuacha, huweza kuwapa bakteria nafasi ya kuzoea bila mgonjwa kupata faida. Chukua pakiti iliyobaki, uende nayo hospitali pamoja na chupa ya mafuta na majani ya mwarobaini. Daktari anahitaji kujua kila kilichogusa kidonda hicho.

Unauliza kama unawadharau wazee. Hapana, na sitaki ulibebe hilo. Dawa mseto ya malaria, ambayo Zanzibar ilianza kuitumia mwaka 2003 na watu wakaona wodi za watoto zikipungua wagonjwa, asili ya sehemu yake kuu ni majani. Mchina Tu Youyou, katika miaka ya 1970, alisoma maandishi ya tiba ya kale ya nchi yake, akakuta habari ya mmea wa qinghao uliolowekwa kwenye maji, bila kuchemshwa. Akatambua kwamba moto ulikuwa unaiharibu dawa, akaikamua bila kuichemsha sana, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Aliwaheshimu wazee wake kwa kuwauliza maswali hadi mwisho: ni kitu gani ndani ya jani kinachoponya, kiasi gani, kwa ugonjwa upi, na kinadhuru nani. Leo Shirika la Afya Duniani linawataka watu watumie dawa iliyopimwa, wasinywe chai ya majani hayo kutibu malaria, kwa sababu kiasi cha dawa ndani ya majani hubadilika na vimelea hupata nafasi ya kuwa sugu. Bibi yenu aliwatibu michubuko ya watoto wenye damu inayotembea vizuri na kinga kamili, miguu ambayo ingepona hata kwa maji safi na chumvi. Alijua alichokijua, na hakukosea. Mguu wa mama si mguu ule.

Tuje kwenye machozi yake, maana bila hayo safari haiendi. Mama haogopi hospitali, anaogopa msumeno. Usimwambie kwamba hakuna kukatwa. Huwezi kuahidi hilo, na ukimdanganya mara moja hatakuamini tena. Kaa naye, umuulize kwa upole: mama mkubwa alikaa na kidonda muda gani nyumbani kabla ya kwenda? Mwache ahesabu mwenyewe. Wengi wanaopoteza mguu hufika hospitali wakati uozo umeshapanda, na watu huona msumeno tu, hawazioni zile wiki zilizoutangulia. Kama yupo mjomba au shehe anayemsikiliza, mchukue aende nanyi. Na mpigie kaka simu kabla hamjatoka. Muombe amwambie mama kwa sauti yake mwenyewe kwamba anamtaka aende. Neno la mtoto aliye mbali huwa zito. Akishasema hilo, atume na nauli.

Ni vizuri mama ajue kitakachofanyika, kisiwe kiza. Watampima sukari. Watapapasa mapigo ya damu juu ya unyayo, kujua kama damu inafika kidoleni. Hilo ndilo litakaloamua mengi kuliko dawa yoyote. Watamgusa nyayo kwa uzi mwembamba wa plastiki kuona anahisi wapi. Nyama iliyokufa itaondolewa, kwa sababu hakuna dawa, ya mti wala ya kiwanda, inayofika chini yake. Wakiona dalili za maambukizi, waombe wachukue kipande kidogo cha nyama kutoka ndani ya kidonda kilichosafishwa na kukipeleka maabara, ili dawa ichaguliwe kwa bakteria aliyepo. Huenda akapigwa picha ya mfupa. Huenda akahitaji insulini kwa muda, na mguu usikanyage kabisa mpaka kidonda kijae. Hilo la kutokanyaga ndilo gumu kuliko yote kwa mwanamke aliyezoea kuinuka na jua, nawe itabidi uchukue kazi zake za nyumbani bila kumfanya ajione mzigo.

Wakisema kidole chenyewe lazima kiondoke, uliza: damu inafika wapi, na je, tunaweza kupelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja au ya Muhimbili kabla ya uamuzi? Uliza kwa adabu, na usikilize jibu. Ikiwa watakwambia hakuna muda, usipoteze muda kwa kurudi nyumbani kushauriana. Kidole kimoja kilichoondolewa mapema kinaweza kuuokoa mguu mzima.

Kidonda kikifunga, inshallah, mama atauliza kama anaweza kurudia chupa yake. Kwenye jino linalouma, tone moja kwenye pamba, sawa, mpaka afike kwa daktari wa meno. Kwenye mguu, asipake tena. Visigino vikikauka na kupasuka, mpe mafuta ya nazi, apake juu na chini ya unyayo kila jioni, asipake katikati ya vidole maana unyevu hapo huleta fangasi. Wakati wa kupaka ndio wakati wako wa kumkagua: shika mguu, tazama kila kidole, tazama chini, ukiona wekundu au lengelenge, mrudi tena hospitali. Kandambili zile zitupwe; mtafutie viatu vilivyofungika, vipana mbele, na avivae hata ndani ya nyumba. Usiku chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro, miguu yote miwili ikiwa ndani, panya wasiifikie.