Ukimya wa Mtoto Kwenye Simu: Maswali ya Wazazi wa Arusha

Wazazi wa Arusha, kuanzia Njiro na Sakina hadi vijiji vya kahawa vilivyo ubavuni mwa Mlima Meru, wana maswali yanayofanana kuhusu watoto na mitandao ya kijamii. Mengi huanzia kwenye simu yenyewe: anunuliwe au asinunuliwe, aachiwe usiku au anyang'anywe. Majibu haya yanaanzia kwenye ukimya wa mtoto, kwa kuwa huko ndiko madhara hukulia.

Hatari hii ipo kweli kwetu, au ni hofu za nchi za wenzetu?

Ipo, na imepimwa. Mwaka 2022 ECPAT, INTERPOL na UNICEF walitoa ripoti ya Tanzania ya utafiti uitwao Disrupting Harm. Miongoni mwa watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti, asilimia 4 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kupitia mtandao ndani ya mwaka mmoja: walitishwa ili wafanye vitendo vya ngono, picha zao za faragha zilisambazwa bila ridhaa, au waliahidiwa fedha na zawadi ili wakubali. Ukilinganisha na idadi ya watoto nchini, watafiti walikadiria kuwa ni watoto wapatao 200,000. Asilimia 4 inasikika ndogo mpaka uipeleke darasani: katika wanafunzi hamsini wanaotumia intaneti, ni wawili. Na hao ni waliokubali kumweleza mtafiti.

Jambo la pili katika utafiti huo lingepaswa kututikisa zaidi. Tumezoea kumwonya mtoto dhidi ya "watu asiowajua", lakini katika nchi zilizochunguzwa, Tanzania ikiwemo, mara nyingi mtendaji alikuwa mtu ambaye mtoto alishamfahamu: rafiki, ndugu, mpenzi, mtu mzima wa karibu. Onyo letu linamwelekeza mtoto amtazame mgeni, huku anayemtumia vocha na sifa akiwa ameshakula chakula sebuleni kwetu.

Kwa nini asiseme? Mimi ni mzazi wake.

Kwa sababu watoto wengi hawasemi, na hawakuanza kunyamaza zilipoingia simu janja. Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yakatolewa 2011. Karibu wasichana watatu katika kila kumi walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18, na mvulana mmoja katika kila saba. Kati ya waliofanyiwa, takriban nusu tu ya wasichana na theluthi moja ya wavulana walimwambia mtu yeyote. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya watoto walikuwa wamepitia ukatili wa kimwili, wa kupigwa ngumi, mateke au viboko. Mimi siwezi kuzitenganisha takwimu hizi mbili. Mtoto aliyezoea kwamba habari mbaya huzaa kipigo atapima kabla ya kufungua mdomo, na mara nyingi ataamua kufunga.

Mhalifu anajua hesabu hiyo kuliko sisi. Anaanza kwa kusifu picha ya wasifu, anatuma bando, anahamishia mazungumzo WhatsApp, anaomba picha ya kawaida, kisha ya faragha. Akishaipata, ujumbe unabadilika ndani ya dakika: "Nitumie elfu hamsini, la sivyo naiweka kwenye kundi la darasa lenu na kwa baba yako." Angalia sehemu ya mwisho. Jina la baba limewekwa pale kwa sababu mhalifu anaamini mtoto anamwogopa baba kuliko anavyomwogopa yeye. Mtoto anayejua kwamba baba atamsikiliza hatishiki kwa maneno hayo.

Sisi hatukumpa simu, na shule nayo inakataza. Hilo halitoshi?

Linapunguza muda wake mtandaoni, na kwa mtoto mdogo ni uamuzi mzuri. Ila tusijidanganye kwamba limefunga mlango. Mama anayeuza ndizi Tengeru siku ya soko anaweza kuwa na simu mbili, ya miamala mkononi na janja nyumbani, wadogo wakiangalia katuni. Baba anayeongoza watalii Serengeti hukaa porini siku kadhaa, na simu ya zamani imebaki kabatini. Kuna simu ya kaka, ya dada wa kazi, ya mwenzake wa bweni aliyeificha. Mtoto aliyekatazwa kabisa huingia mtandaoni kwa kificho, kwa akaunti yenye jina la uongo na umri wa uongo, na likimpata jambo huko ana makosa mawili ya kuficha badala ya moja.

Wengine hutaja Australia, ambako tangu Desemba 10, 2025 kampuni za mitandao zinatakiwa kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti. Ni hatua inayostahili kufuatiliwa, na ninapenda kwamba mzigo umewekwa kwa kampuni. Lakini hapa kwetu TikTok, Instagram na Facebook zinataka miaka 13, na kwa kawaida kinachohitajika ni kuandika mwaka wa kuzaliwa ambao mtoto yeyote wa darasa la tano anaweza kuubuni. Nyumba inayosubiri sharti hilo limlinde mtoto imemwacha peke yake.

Nikimwahidi kuwa hataadhibiwa akisema, si namlea bila nidhamu?

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na wanaoitoa wanawapenda watoto wao. Nidhamu ina nafasi yake: muda wa simu, simu kulala sebuleni usiku, kutonunua bando kwa hela ya chakula. Hayo mzazi ayasimamie bila kuyumba. Ila kumwokoa mtoto ni kazi nyingine, na ikichanganywa na adhabu zote mbili huharibika. Mtoto wa miaka 14 aliyetuma picha amekosea, ndiyo. Mtu mzima aliyemrubuni ametenda uhalifu. Ukianza na fimbo, umemthibitishia kwamba mhalifu alisema kweli kukuhusu, na safari ijayo atamlipa ili usijue. Mazungumzo kuhusu kosa lake yanaweza kusubiri wiki mbili, hatari ikishapita.

Ahadi hiyo itolewe mapema, kwa maneno wazi, kabla hakijatokea chochote: "Mtu yeyote akikutisha kwa picha au kwa maneno, hata kama wewe ndiye uliyeanza, njoo kwangu. Sitakupiga na sitakunyang'anya simu siku hiyo." Mtoto akiona aibu kwa baba au mama, aambiwe jina la mtu wa pili, shangazi au bibi au mwalimu, na mtu huyo naye aelezwe. Malezi yetu yalikuwa na watu hao tangu zamani. Tuwape kazi hii.

Basi nipekue simu yake?

Kwa mtoto wa miaka kumi, simu ni ya mzazi na ukaguzi ni wa kawaida. Kwa wa miaka 15, kagua mkiwa wawili, akijua. Akigundua upekuzi wa siri, atafungua akaunti ya pili. Kaeni pamoja mfanye mambo machache: akaunti ya TikTok na Instagram iwe ya faragha, na kwenye WhatsApp picha ya wasifu ionwe na waliohifadhiwa tu, na haohao tu ndio waweze kumwongeza kwenye makundi. Kama huijui programu, mwambie akufundishe. Utajifunza mengi kwa kumsikiliza anavyoieleza.

Na picha tunazoweka sisi wenyewe?

Hapa Arusha swali hili lina uzito wa pekee. Shule huweka mahafali yao Facebook, watoto wakiwa na sare, jina la shule na pengine majina yao. Wageni na watu wa kujitolea hupiga picha za watoto vijijini na kwenye vituo vya kulea watoto, kisha huzirusha duniani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za watoto miongoni mwa taarifa nyeti, kwa hiyo mzazi anayeiomba shule iondoe picha haombi hisani. Muulize pia mtoto mwenyewe kabla ya kumpachika kwenye hali yako ya WhatsApp.

Mwanangu ameshatishiwa. Nifanye nini usiku huu?

Msimlipe mhalifu, kwani anayelipwa mara moja hurudi. Msifute chochote: andikeni namba na jina la akaunti, pigeni picha ya skrini ya vitisho, kisha mzuieni. Picha yenyewe ya mtoto usimtumie mtu yeyote, hata mjomba wakili, hata kama ushahidi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu usambazaji wa picha za ngono za mtoto kwa faini isiyopungua shilingi milioni 50, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Simu yenyewe ndiyo iende polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto inayoendeshwa na shirika la C-Sema, hupigwa bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Kuna pia Take It Down, huduma ya bure ya kituo cha Marekani cha NCMEC. Picha haiondoki kwenye simu. Programu hutengeneza alama yake ya kidijitali, na kampuni zilizojiunga, zikiwemo za Facebook, Instagram na TikTok, hutumia alama hiyo kuisaka na kuiondoa. Haifiki ndani ya mazungumzo ya WhatsApp. Kama picha imeingia kwenye kundi la darasa, nenda asubuhi kwa mkuu wa shule na umwombe awaite wazazi wa kundi hilo, kila mmoja aifute mbele ya mtoto wake. Usiku huo mtoto asilale peke yake.