SOMO LA MWEZI: WAZEE WENYE MAGITAA

Soma kwanza: Zaburi 71:17-18, Amosi 5:21-24, 1 Wakorintho 14:15



Miaka mingi iliyopita vijana wa mtaa wetu walileta ombi mbele ya Halmashauri, waruhusiwe kupiga magitaa ya umeme na ngoma katika ibada. Mimi nilikuwa mmoja wa waliokataa. Nilisema kelele si sifa. Ombi likaanguka, na baadhi ya vijana wale hatukuwaona tena kanisani. Jambo hilo halikunisumbua mpaka nilipokwenda Marekani kumtembelea mwanangu, naye akanichukua jioni moja kuwasikiliza Petra.

Petra ni nani?

Ni bendi ya Wakristo iliyoanzishwa mwaka 1972 katika mji wa Fort Wayne, jimbo la Indiana. Jina lao ni neno la Kiyunani lenye maana ya mwamba. Na muziki waupigao, yaani roki, kwa Kiingereza huitwa kwa neno lenye maana hiyo hiyo. Siku zile wahubiri wengi walisema muziki huo ni wa Shetani tu. Wao wakaendelea. Mwaka 2000 waliingizwa katika orodha ya heshima ya waimbaji wa Injili wa Marekani. Waliagana na watu mwishoni mwa mwaka 2005, lakini baadaye wakarudi tena jukwaani.

Niliyoyaona

Nilidhani nitakuta vijana watupu. Kumbe wengi walikuwa na mvi, na wengine wamekuja na wajukuu. Mwimbaji mwenyewe, John Schlitt, alizaliwa mwaka 1950. Muziki ulipoanza kifua changu kilitetemeka, nikatia vidole masikioni. Mwanangu akaniambia, "Baba, subiri usikie maneno." Nikasubiri. Mengine sikuyapata kwa sababu ya mshindo. Mengine niliyapata, nayo yalikuwa yale yale tunayoyakiri kila Jumapili: Kristo alikufa, alifufuka, atakuja tena. Mama mmoja mbele yangu alikuwa akiimba huku machozi yanamtoka.

Twajifunza nini?

1. Sifa hazina kustaafu. Mtunga Zaburi haombi apumzishwe uzeeni. Anaomba Mungu asimwache mpaka awe amekihubiri kizazi kijacho nguvu zake. Mzee anayekaa nyuma ya kanisa akisema, "Sisi tumemaliza," na aisome tena Zaburi hii.

2. Aliyeanguka aweza kuinuliwa. Schlitt aliimba kwanza katika bendi ya kidunia iitwayo Head East. Madawa ya kulevya yakamtawala, akaondolewa mwaka 1980. Kisha akamgeukia Kristo. Alijiunga na Petra mwaka 1986, baada ya miaka kadhaa nje ya muziki. Je, kijana kama huyo akija kwetu, tungempa nafasi, au tungemkumbusha tu ya zamani?

3. Jukwaa lina hatari yake. Apigiwaye makofi kila usiku aweza kusahau ni nani asifiwaye. Bob Hartman, mpiga gitaa aliyetunga nyimbo nyingi za bendi hiyo, aliacha safari za maonyesho mwaka 1995. Aliendelea kutunga nyimbo akiwa nyumbani, asirudi jukwaani mpaka mwaka 2003. Yatupasa kujua kwamba hatari hii haiko kwenye gitaa peke yake. Nabii Amosi anasema Mungu huzikataa hata nyimbo nzuri pale haki inapokosekana. Kwaya yenye kanzu safi na kitabu cha nyimbo yaweza nayo kujiimbia yenyewe.

4. Tuimbe kwa roho na kwa akili pia. Mtume Paulo ataka vyote viwili. Hapa bado nina neno na wapiga muziki: sauti ikizidi hata maneno yasisikike, nusu ya wimbo imepotea. Lakini nina neno na sisi wazee pia. Tukiziba masikio kabla ya kusikia maneno, tumepoteza wimbo wote.

Niliporudi nyumbani nilimwendea mmoja wa vijana wale wa zamani. Sasa ni baba wa watoto watatu. Nikamwomba radhi kwa ajili ya magitaa. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mzee, hatukuondoka kwa sababu ya magitaa. Tuliondoka kwa sababu hakuna mzee aliyetuuliza tulitaka kuimba nini." Nikamwuliza siku ile, baada ya miaka yote hiyo. Akaniimbia. Ulikuwa wimbo wa Zaburi.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, katika mtaa wetu ni nani aliyeondoka bila kuulizwa neno lolote? Nani atakwenda kumwona?
2. Twajuaje kwamba wimbo unamsifu Mungu wala si mwimbaji?
3. Wazee waweza kuwafundisha vijana nini katika uimbaji? Na vijana wawafundishe wazee nini?

Sala

Ee Bwana, Mwamba wetu, utufungue masikio kabla ya kutufungua vinywa. Ili wazee na vijana tukusifu pamoja, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.