Unga wa kijani kwenye mahindi

Swali: Nimevuna mahindi hapa Mandawa, Ruangwa, mengine yana unga wa kijani kwenye punje. Nikiyakoboa na kuyaosha, ugali wake una madhara?

Jibu: Ndugu, usiyale, wala usiwape kuku. Rangi hiyo ni dalili ya kuvu aina ya Aspergillus flavus, anayetengeneza sumukuvu. Kukoboa hupunguza sumu, lakini kupika hakuiondoi. Inastahimili joto la sufuria. Mwaka 2016, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu Dodoma na Manyara.

Wengi hulaumu ghala tu. Lakini kuvu huyu huishi udongoni na kwenye mabaki ya mazao. Ukame ukikuta mahindi yanatoa ndevu, upepo hupeleka vimbegu vyake kwenye ndevu hizo navyo hupenya hadi kwenye punje. Matundu ya funza humrahisishia zaidi. Ndiyo maana hata punje safi kwa macho huweza kuwa na sumu.

Mahindi yaliyobaki, yasiyo na unga huo, yaanike juu ya turubai, si chini. Kisha tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, uache dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi hayajakauka; yarudishe juani.